Mume Mmoja, Vigingi Viwili

"Hakuna mtu Magadini nzima anayejua kukaa peke yake kama mimi," Bi Somoe aliliambia birika. "Waje niwafundishe. Waje na viti vyao wenyewe."

Akanyamaza, akasubiri birika limuunge mkono. Birika likakaa kimya, naye akalinunia. Akamimina chai kwenye vikombe viwili, kama alivyomimina jana na juzi, kisha akaugeukia ukuta.

"Pazi, chai."

"Naja," ukuta ukajibu kwa sauti ya mumewe, ile sauti nzito yenye mkwaruzo mwishoni kama mlango wa zizi. Pazi alisema naja katika siku zote za uhai wake, na katika siku zote za uhai wake hakuja chai ingali moto. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa na udhuru.

Nje ya dirisha uwanda wa magadi ulilala mweupe hadi macho yakauma, bila mti, bila mbuzi, bila hata kunguru wa kugombana naye. Upepo wa pale ulitembea na chumvi, na chumvi ilikuwa imekula kila kitu: bawaba, nyaya, meno ya watu. Majirani walikwishahamia mtaa wa juu, kwenye makuba mapya. Bi Somoe alibaki kwenye safu yake peke yake, akiwaambia wote waliomhurumia kwamba yeye anapenda nafasi.

"Somoe," ukuta ukasema, "mbona sauti yako leo imekuwa kama ya marehemu mama yako?"

Bi Somoe akavuta pumzi. Nyumba ilikuwa imejisafisha jana, na kila nyumba ilipojisafisha, Pazi alirudi palepale kilipopigiliwa kigingi cha kumbukumbu zake, hakumbuki lolote aliloambiwa baada ya hapo. Ilibidi aambiwe upya. Mara ya kwanza habari ile ilichukua siku nzima na leso tatu. Siku hizi Bi Somoe aliimaliza kabla chai haijapoa.

"Nimezeeka, Pazi. Wewe umekufa, Mungu akurehemu, na sauti yako tunayo ukutani kama wenzetu. Mwanao Kombo yuko mbali, anajenga mabwawa, anapiga simu sikukuu. Tumeshalia kwa hilo, mimi na wewe, tumemaliza. Usianze."

Pazi alikuwa mtu wa kutafuna jambo taratibu, hai au mfu.

"Nilikufa vizuri?"

"Vizuri sana. Watu walikula wali."

"Na tulikuwa wawili tu, Somoe? Mimi na wewe, mpaka mwisho?"

"Wawili tu," Bi Somoe akasema, akaipuliza chai ambayo haikuwa na haja ya kupulizwa.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na mambo. Eda ilipokwisha, mabinti wa Ofisi ya Maghala, watunza kumbukumbu za mji, walikuja kumuuliza Bi Somoe kigingi cha marehemu kipigiliwe wapi, kwenye muhuri gani wa maisha yake, yaani siku ipi. Wajane wengine huchagua siku ya harusi, wengine siku ya Idi. Bi Somoe alikipigilia siku moja kabla Pazi hajavaa kanzu yake nyeupe kwenda kumposa Chiku, mke wa pili, ambaye jina lake wazee walimtajia siku hiyohiyo. Si saa moja baadaye. Alifika hadi kuuliza kama wangeweza kumweka kabla hajaipiga pasi hiyo kanzu.

*

"Hodi hapa."

"Karibu. Usifagie chumvi na viatu vyako, nimeshaizoea ilipo."

Aliyeingia alikuwa Hidaya, fundi wa Ofisi ya Maghala, msichana mrefu mwenye kisomeo mkononi na huruma usoni. Kisomeo hakikumtisha Bi Somoe. Huruma ndiyo iliyomtisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Kile kikombe kina mwenyewe, usikinywe."

Hidaya akakaa kando ya kikombe cha Pazi, akakiheshimu. "Bibi, kesho tunalinakili Ghala Kuu lote kwenye mitambo mipya. Ile ya zamani chumvi imeimaliza. Nyumba zote za mji zinahamishwa na kumbukumbu zake, maji, taa, milango, kila kitu. Sasa nimepitia ya kwako, nikakuta kuna kimoja kinachoelea."

"Kinachoelea? Mimi hata beseni sina."

"Ni babu."

Bi Somoe akautupia ukuta jicho. "Sema polepole. Analala mchana."

Hidaya akasogeza kiti. "Nyumba yako haimhifadhi babu, bibi. Watu wengi wanadhani hivyo. Babu ana ghala lake mwenyewe, kule kwetu ofisini, tangu siku alipoandikishwa hadi siku ya mwisho, muhuri juu ya muhuri. Hilo tunaliita shina. Nyumba yako ni ghala kubwa, na ndani yake kuna chumba chenye jina lake, lakini kilichomo chumbani ni kigingi tu. Kigingi kinasema: nileteeni Pazi wa muhuri ule. Basi. Ni kama mbuzi wa shirika. Mbuzi si wako peke yako, ila wewe unaamua umfunge wapi kwenye malisho."

"Mbuzi wa shirika," Bi Somoe akarudia, akaionja ile kauli ulimini. "Mwanangu, hujui ulivyompatia."

"Sasa, ukiongea naye anajifunza. Lakini anachojifunza hakina pa kushika. Hakipo shinani, hakipo kwenye tawi. Kinaning'inia hewani. Nyumba ikijisafisha, kinaanguka."

"Najua kinavyoanguka. Mimi ndiye mwokotaji."

"Kesho hatubebi vinavyoelea. Kigingi lazima kiwe kwenye ncha ya shina, yaani siku yake ya mwisho, au kiwe kwenye tawi lenye jina. Ukikiacha hivi kilivyo, mtambo utakivuta wenyewe mpaka kwenye ncha. Utaamka kesho kutwa na babu wa siku ile aliyofariki."

"Huyo simtaki. Huyo hakufia kwangu."

"Basi tumkatie tawi." Hidaya akainamia kisomeo, akaonyesha kwa kidole mstari mrefu, na pembeni yake akachora kijiti. "Tukikata hapa hapa alipo, shina linabaki lilivyo, na yeye anaanza kukua upande wake. Kila utakachomwambia kitashika. Nyumba ijisafishe isijisafishe, kesho ataamka anaikumbuka leo."

Bi Somoe akakitua kikombe chake. Uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa unatafuta pa kuweka mzaha, ukakosa.

"Hilo la mwisho lirudie."

"Ataikumbuka leo."

Chumvi ilichakarisha kioo cha dirisha. Tangu eda, katika nyumba ile, mtu aliyeikumbuka jana alikuwa mmoja tu. Alikuwa anacheka peke yake kwa vichekesho walivyocheka pamoja wiki iliyopita. Aligombana na Pazi Jumanne, wakapatana Jumatano, na Alhamisi hapakuwa na mtu wa kumwambia: unakumbuka?

"Kata," akasema. "Kata hilo tawi. Unahitaji shoka?"

"Nahitaji ridhaa. Ghala ni moja, nyumba ni mbili. Nyumba ya pili yenye kigingi cha babu lazima ikubali. Yaani Bi Ch..."

Bi Somoe akakohoa kikohozi cha mtu mwenye mapafu sita. Akakohoa mpaka vikombe vikatikisika, mpaka ukuta ukaamka ukauliza, "Somoe, umepaliwa?" naye akajibu kwamba ni vumbi, lala.

Hidaya akamwangalia. Aliposema tena, alisema kwa kunong'ona.

"Hajui?"

"Hajui nini?"

"Bibi. Alioa. Aliishi na yule mama mpaka mauti. Wamezaa mtoto, wakamzika. Hayo yote ni maisha yake mwenyewe, na wewe umemfunga mahali ambapo hayapo. Leo angalau anaelea, kuna siku anaweza kusogezwa. Ukimkatia tawi pale, atakuwa mtu asiyejua kabisa, na atakumbuka kila siku kutokujua kwake."

"Umeolewa wewe?"

"Bado."

"Basi ukitoka niangalizie hiyo bawaba ya mlango. Inalia."

Hidaya alitabasamu kidogo, akasimama. Mlangoni akasema yule mke mwenza anatakiwa kuweka kidole gumba kwenye mlango wa chumba cha babu, nyumba itamaliza iliyobaki, na yote yawe tayari kabla ya alasiri ya kesho. Bawaba hakuigusa.

*

Asubuhi Bi Somoe akavaa kanga zake mpya, akamtia Pazi kwenye hirizi.

Hirizi zile kila mtu alikuwa nazo Magadini: kijaluba cha bati shingoni, nyumba inamwaga humo sauti unayotaka kutoka nayo. Vijana walibebea walimu na wapenzi. Bi Somoe hakuwa na kawaida ya kumbeba Pazi. Aliona si adabu kumtembeza mtu mzima kama ufunguo. Lakini leo aliogopa nyumba isije ikajisafisha akiwa hayupo, akarudi amkute mpya.

Njia ya kwenda mtaa wa juu ilikata uwanda. Hapakuwa na mtu. Magadi yalivunjikavunjika chini ya ndara zake kama mkate mkavu, na kila alipotazama nyuma aliona nyayo zake peke yake zimejipanga, zinamfuata.

"Tunaenda wapi?" hirizi ikauliza.

"Kwa shoga yangu."

"Shoga yupi? Mashoga zako nawajua wote."

"Huyu nilimpata baadaye."

Pazi akatafuna hilo kwa hatua nyingi.

"Somoe, kuna kitu unanificha. Ukificha kitu huwa unatembea haraka."

"Natembea haraka kwa sababu kuna jua."

"Kama huko mbele nilikukosea, niambie. Nakusikia sauti, ina mfundo. Niambie nilichofanya nikuombe radhi. Si haki kumkasirikia mtu kwa jambo ambalo hajalitenda bado."

Bi Somoe akasimama katikati ya uwanda ule mweupe. Radhi hiyo aliitaka. Aliitaka tangu siku ya ile kanzu, na yule Pazi aliyeoa hakuwahi kuitoa. Alileta kitenge na sukari, radhi hakuleta. Na sasa huyu hapa, shingoni, anaitoa kwa hiari yake, na kuipokea kulihitaji jina moja tu. Lakini akilitaja jina, hatakuwa tena na mtu asiyelijua. Alitaka vyote viwili, mtu asiyemkosea na mtu anayemwomba radhi, na hata mjinga angemwambia kwamba hao si mtu mmoja.

"Hukunikosea kitu," akasema. "Ulikuwa unachelewa chai."

Akakibana kijaluba kwa kiganja mpaka sauti ikazimika, akaendelea na njia.

*

Bi Chiku alikuwa kwenye kibaraza cha kuba lake, anachambua dagaa. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa msibani, na hata hapo walizungumza kupitia kwa watu wengine. Bi Somoe alikuwa amembeba kichwani kama alivyokuwa zamani, kijana mwenye kiuno. Aliyeinuka alikuwa kizee kama yeye, na goti moja bovu.

Bi Chiku akasahau uadui kwa mazoea. "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Naona umenenepa."

"Nakula kwa raha, dada. Tuko wawili."

"Wawili, eh?"

"Mimi na mwenyewe. Tangu nihamie hapa haniachi hata nikapumua. Asubuhi maneno, mchana maneno. Karibu ndani, kaa kwenye kiti chake, hatajali."

Ndani palikuwa pasafi, pamepangwa, panang'aa, na pamenyamaza. Juu ya mlango wa chumba cha nyuma taa ndogo ya kijani iliandika PAZI. Bi Somoe aliisoma, ikamuuma. Kwake yeye hapakuwa na taa. Chumvi iliila.

Alikuwa amepanga kuomba moja kwa moja, mtu mzima na mtu mzima. Lakini ile *tuko wawili* ilimkaa kooni, na ulimi wake siku zote ulikuwa na miguu yake wenyewe.

"Basi wangu anakusalimu," akasema.

Bi Chiku akaacha kupanga vikombe. "Nani?"

"Huyo huyo. Kila siku. Hana wimbo mwingine. Chiku hajambo? Chiku anakula? Goti la Chiku? Mpaka namwambia, mwanamume, nenda ukamuulize mwenyewe."

"Ananisalimu mimi? Akiwa kwako?"

"Mpaka nachoka."

Bi Chiku alikikausha kikombe ambacho kilikuwa kikavu, akakikausha tena. Bi Somoe akaona neno limeingia mahali ambapo hakulikusudia. Lakini neno si kuku, halirudi bandani jioni likipigiwa debe. Akaharakisha kueleza habari ya tawi, ya kunakili, ya ridhaa, ya alasiri.

"Kwa hiyo unataka awe na kichwa chake kwako," Bi Chiku akasema mwishoni, "na kichwa kingine kwangu."

"Ndivyo alivyokuwa, hakuna jipya. Zamani tulikuwa tunamgawana kwa zamu. Sasa kila mtu na wake, hakuna hata wa kufua mashuka."

Bi Chiku akacheka bila kupenda. Kisha akajifunga kanga vizuri. "Ngoja nimuulize mwenyewe. Siwezi kumkata mume wangu matawi bila kumwambia."

Akaingia chumba chenye taa, akaurudisha mlango.

Bi Somoe akatega sikio. Hakukusudia, ila sikio lake lilikuwa na tabia mbaya. Akamsikia mwenzake: "Bwana wee, una mgeni." Kimya. "Hapana, kisia." Kimya, kisha kicheko. "Basi usiseme hivyo, atakusikia." Kimya kingine kirefu. "Sawa. Sawa, nimekuelewa. Nitamwambia."

Wivu aliodhani aliuzika na marehemu ukainuka, ukajinyoosha, ukaketi karibu yake kwenye kile kiti. Kwangu anauliza kwa nini nina sauti ya mama yangu, akawaza. Kwa huyu anachekesha.

Bi Chiku alitoka macho yakiwa na unyevu.

"Amekubali. Anasema mpe Somoe tawi lake, ananistahimilia mambo mengi. Na anasema," akatabasamu, "nikuulize kama bado unakoroma hadi sufuria zinagongana."

Bi Somoe akahisi uso unapata moto kama mwari. Alikuwa amekumbukwa. Kumbe huko kwenye ncha, baada ya yote, yule mtu alikuwa bado na kitu chake. "Mwambie mimi sikoromi," akasema, na sauti yake haikuwa imara. "Mwambie alikuwa yeye."

"Nitamwambia. Njoo ushuhudie."

Bi Chiku akaweka kidole gumba kwenye mlango, chini ya taa. Wote wawili hawakujua kwamba nyumba haipokei ridhaa ya chumba bila kwanza kukikagua chumba na kusoma ilichokikuta. Nyumba ikasema, kwa sauti yake isiyo ya kike wala ya kiume:

"Chumba: Pazi. Kigingi: kipo, kwenye ncha ya shina. Kilichomo: hakuna. Nyumba hii iliponakiliwa, ghala la ndani halikuja nayo, lilikuja jina tu. Halijachotwa hata mara moja. Ridhaa haipokelewi kutoka chumba kitupu. Nikichote sasa?"

Bi Chiku hakuondoa kidole. Alibaki ameubonyeza mlango kama mtu anayezuia maji.

Bi Somoe akausukuma taratibu. Chumbani mlikuwa na mkeka, kiti, na kikombe juu ya kigoda. "Pazi," akajaribu, "chai." Chumba hakikusema naja.

"Mashine hizi," Bi Chiku akasema. "Mbovu."

"Nani aliyekwambia nakoroma?"

Bi Chiku akatazama chini. "Ukuta wetu kule ulikuwa mmoja, dada. Zikiwa zamu zako mimi nilikuwa na kazi gani? Nilisikiliza."

Bi Somoe akavua ndara zake. Akakaa kwenye mkeka. Bi Chiku naye akashuka, goti likalia, wakawa wanakitazama kile kiti kitupu.

"Kwa nini hukumchota? Neno moja tu unaiambia nyumba."

"Mwisho mwisho alikuwa hanijui." Bi Chiku alisema bila machozi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Maradhi yale yalimfuta kuanzia juu kwenda chini, na mimi nilikuwa juu. Mtoto wetu akatoka, nyumba ikatoka, nikatoka mimi. Namlisha uji, ananishukuru kwa adabu, halafu ananiuliza: wewe binti wa nani? Kisha ananituma nikamwitie Somoe. Kila siku. Huyo ndiye aliye kwenye ncha. Nimchote aniulize tena?"

"Ungekirudisha kigingi nyuma. Siku za afya yake."

"Nilifikiri. Lakini huyo wa siku za afya hajui nilivyomuuguza. Kazi yangu yote, dada, iko kule alikonisahau. Nikikaa kwenye ncha hanijui, nikirudi nyuma hajui nilichomtendea. Nikaona bora nimjibie mwenyewe."

Nyumba ikauliza tena kwa upole kama ikichote chumba. Nje jua lilikuwa limeanza kuegemea, na huko ofisini mabinti walikuwa wanaandaa mitambo yao.

Kisha Bi Chiku akageuka, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Bi Somoe hakuwahi kukiona siku zote walizochukiana: mwanamke anayeomba.

"Lakini wako ananisalimu. Umesema kila siku. Umesema anauliza na goti." Akakitazama kijaluba shingoni. "Si huyo hapo? Nisikie mara moja tu. Kisha naiambia nyumba ikichote chumba, naweka kidole, tawi lako unalipata. Na huyu wangu aniite anavyotaka, nitavumilia, kama najua kuna mahali pengine ninapotajwa."

Bi Somoe akakishika kijaluba. Palikuwa na nafasi pale ya kusema kweli. Ilikuwa pana, imekaa wazi, mtu angeweza kuingia humo na mizigo yake. Akaitazama, akaipita.

Akamgeuzia mwenzake bega, akakifungua kijaluba, akakileta mdomoni.

"Pazi," akanong'ona, "nifanyie hisani moja wala usiniulize kitu. Sema: hujambo, Chiku. Sema kama unamaanisha."

Pazi akalitafuna jambo. Bi Chiku alikuwa amesogea, amesukuma kanga nyuma ya sikio, amefumba macho.

"Hujambo, Chiku," sauti ya Pazi ikasema, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu akaongeza, "Afya yako? Watu wa nyumbani wote wazima?"

Bi Chiku akatabasamu akiwa bado amefumba macho. Alitabasamu kama msichana. Mkono wake ulikuwa tayari umeanza kunyooka kuelekea mlangoni, kidole gumba mbele, na Bi Somoe akahema, akakitafuta kijaluba kwa kiganja ili akibane.

"Somoe," Pazi akauliza, kwa sauti safi iliyojaa chumba kizima, "huyu Chiku ni binti wa nani?"